Kiapo cha Sukari

Nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba mimi ndiye niliyewaapisha. Nasikia huko nje watu wanamsema Awadh wa chipsi, wengine wanamsema Manilal, na wapo wasiomwogopa Mungu wanaosema marehemu mwenyewe alikuwa amelewa. Waongo wote. Mtaa wetu mzima, kutoka msikitini mpaka kwenye bomba la maji, niliuapisha mimi, Mishi, kwa ulimi wangu na msahafu wangu, nikiwa na akili zangu timamu. Sasa nimo edani, sina pa kwenda, basi ninao wakati wa kulieleza jambo hili kama lilivyokuwa.

Mume wangu Stambuli alikuwa fundi wa kanzu hapa Malindi. Mtoto wetu mmoja, Tumu, ameolewa Mombasa, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili. Miaka ishirini na sita alikaa barazani na charahani yake ya miguu, na katika miaka hiyo sikumbuki kumwona akishona bila kitu mdomoni. Alikuwa mtu wa kula na mtu wa mzaha, na sitamgeuza walii leo kwa sababu amekufa. Mwaka wa themanini na nne alianza kunywa maji mtungi mzima na kukonda mabega. Hospitali wakampima mkojo, wakasema ni kisukari, wakamwandikia sindano ya kila asubuhi.

Ugonjwa huo nilikuwa naujua. Ulimuua kaka yake wa Mambrui, na haukumuua kwa siku moja. Walimkata vidole, wakamkata wayo, kisha wakaukata mguu chini ya goti. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, huzikwa, basi mguu wa shemeji yangu ulitangulia kaburini miezi minane kabla yake. Nilikuwako siku ya mguu na nilikuwako siku ya mwenyewe. Kwa hiyo Stambuli alipopata kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia, ule wa kukanyagia charahani, na kidole kikakatwa, nilikipokea mimi kwenye pamba, nikakizika nyuma ya nyumba kwa mikono yangu. Nilipokuwa nafukia nilisema kwa sauti kwamba kipande kingine cha mume wangu hakitatangulia. Sikuwa na ombi lingine duniani.

Lakini nilikuwa nimeolewa na mwizi. Aliniambia daktari amemruhusu halua, kwa kuwa halua ni samli, si sukari. Aliniambia chipsi ni mboga. Siku moja nilimfuata chooni baada ya kuona anakawia, nikamkuta ameivua kofia yake na ndani ya kofia mna kashata nne. Alinitazama akasema, "Mama Tumu, hizi nilikuwa nazificha usizione ukaingia tamaa." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Na kana kwamba vya kale havikutosha, Awadh akafungua duka lake. Awadh ni kijana wa hapa hapa. Alifanya kazi hoteli za Wataliani, akarudi na mashine ya kukaangia na fikira kwamba watu wa Malindi nao wanataka kula kwa haraka kama watalii. Chipsi na kuku ndani ya karatasi, baga, soda baridi, unakula umesimama, unakwenda zako. Nilisema Maulidi hayatamkuta na duka lile. Kumbe nilikuwa najidanganya. Kila jioni vijana wamejaa mlangoni, na katikati yao mzee wangu wa miaka hamsini na sita, na kanzu yake nyeupe, anachovya chipsi kwenye sosi nyekundu na soda ya machungwa iko mkono wa pili.

Nilimsihi. Nilinuna siku nne. Nilimwonyesha pale nilipokizika kidole chake, nikamwuliza anataka nimchimbie wapi cha pili. Akainamisha kichwa, akaahidi, na jioni ile ile nikanusa kuku kwenye ndevu zake. Mwisho niliona kwamba mtu asiyeweza kujizuia huzuiwa. Nikaufunga msahafu kwenye leso safi, nikatoka mlango kwa mlango.

Nilianza kwa Fatu, jirani yangu anayeuza mahamri na kaimati. Ni mdogo kwangu, tena ana moyo laini, ndiyo maana nilianza kwake.

"Dada Mishi, kiapo si mchezo," aliniambia. "Mimi n'takuahidi tu. Yatosha."

"Haitoshi. Akija hapa na yale macho yake utampa."

Akatabasamu, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kisha akatia udhu, akaweka mkono juu ya msahafu, akasema wallahi hatampa Stambuli kitu kitamu, akiomba, akilia, akigaragara. Maneno hayo ya mwisho niliyatunga mimi, na nilimtaka kila mtu ayaseme vivyo hivyo. Akiomba, akilia, akigaragara.

Manilal mwenye duka la pembeni, ambaye friji yake ndiyo iliyokuwa ikituwekea chupa za dawa kati ya maziwa na siagi, hakuweza kuapa kwa msahafu. Aligusa picha ya mungu wake iliyo juu ya rafu ya majani ya chai, akasema, "Bibi Mishi, kuanzia leo duka hili kwa Stambuli halina sukari." Nilimtaka aseme na yale mengine. Akayasema.

Awadh alikuwa mgumu zaidi, si kwa ubaya. Alikuwa akimpenda Stambuli, na yeye ndiye mteja wake wa kwanza siku alipofungua. "Naapa, Mama," alisema. "Lakini Ami hawezi kuja kwangu akakaa mdomo mkavu na wenziwe wanakunywa. Ngoja." Akatia mkono kwenye barafu, akatoa kopo. Ilikuwa soda ya hotelini, ya wale wazungu wanaoogopa kunenepa, tamu kama soda na ndani yake hamna sukari hata punje. Nilionja. Kweli ilikuwa tamu, ila mwishoni inaacha ladha ya senti ulimini. Sikujali. Niliona Mungu amenifungulia mlango, nikamwambia Awadh amwekee hizo siku zote, na mbili tatu niweke nyumbani.

Stambuli aliinywa ya kwanza mbele yangu, akalizungusha kopo mkononi. "Hii ni kama kubusu picha ya mtu," akasema. Lakini alizoea. Mtaa wote ukaijua ile soda, wakaiita soda ya Stambuli.

Mwaka ukapita hivyo, mwaka wa vita. Alikwenda duka baada ya duka, na kila alipokwenda alikuta nimetangulia. Aliomba kwa mzaha, akaomba kwa hasira, mara nyingine alijilaza kabisa kwenye baraza ya Manilal akasema anakufa, mpaka watu wakawa wanakuja kutazama. Hawakumpa. Kidonda kikakauka. Mkojo ukipimwa kliniki ukawa unatoa rangi nzuri. Mimi bado nilikuwa namkagua nyayo kila jioni na taa, kidole kwa kidole. Hofu ile haikuniacha hata siku moja, na hofu haimpi mtu akili.

Maana lipo hili pia. Siku moja alirudi kliniki, akakaa kitandani, akaniambia, "Mama Tumu, nesi asema nisitoke nyumbani bila peremende mfukoni. Nikiona jasho la baridi na mikono yatetemeka, nitie moja mdomoni hapo hapo. Asema dawa yaweza kuipunguza sukari ikapita kiasi."

"Nesi yupi huyo?"

"Yule mnene."

"Na halua hakusema uchukue ratili ngapi?"

Hakucheka. "Mara hii ni kweli, Mishi."

Aliniita kwa jina langu, jambo alilolifanya mara chache, nami nikaliona hilo kuwa ujanja mpya. Sikuwa nimeingia naye kwa nesi siku ile. Ningeweza kwenda kuuliza, hospitali si mbali, mwendo wa robo saa kwa miguu. Sikwenda. Nilimwambia fisi hapewi bucha alinde, na tangu siku ile kila asubuhi nilimpekua mifuko. Nilizikuta peremende mara tatu. Mara zote tatu nilizitupa jaani.

Sasa harusi. Ilikuwa ya binti ya Faki, mdogo wake Stambuli, mwezi wa Agosti mwaka huu wa themanini na sita. Kanzu ya bwana harusi aliishona Stambuli mwenyewe, na yeye kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliwekewa nafasi ya mbele. Wiki moja kabla aliniuliza kwa upole, bila mzaha, "Harusi ya mwanangu nami nile uji wa mtama?"

Nikaona huruma. Mwaka mzima sikumpa pilau. Nikamwambia nitamruhusu sahani moja, kwa sharti kwamba asubuhi asile kitu, ile nafasi ya asubuhi iwe ya pilau. Alifurahi akaniombea dua. Mimi nikajiona nimefanya hesabu ya mtu mwenye busara. Na siku yenyewe, saa moja asubuhi, nilipoichemsha sindano na kuvuta dawa mpaka kwenye mstari wake wa siku zote, nilifikiri juu ya wali na nyama na mafuta, nikavuta mistari minne zaidi. Ya pilau. Nilimdunga pajani, nikamfuta, nikampa kanzu yake mpya, naye akatoka na bakora yake akiwa na njaa na furaha.

Watu wa bwana harusi walikuwa wanatoka Takaungu. Tuliwatazamia kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikaswaliwa, hawajafika. Saa nane kasorobo simu ikalia dukani kwa Manilal, wakasema basi lao lilipata pancha, na walipofika feri ya Kilifi walikuta foleni ya malori, wako nyuma kabisa. Tusubiri.

Kwetu chakula cha harusi hakifunuliwi kabla ya akidi. Masufuria yamekaa na makaa juu ya vifuniko, harufu imejaa njia nzima, wanaume wako mikekani wanapiga soga na njaa zao, na hakuna awezaye kusema leteni. Kumlisha mgeni kabla bwana harusi hajaozeshwa ni kumwambia mwenye harusi kwamba harusi yake haipo. Sisi wanawake tulikuwa ndani uani, na wanawake humegamega wanapopika, hatufi njaa. Yaliyopita upande wa wanaume sikuyaona. Nimeyakusanya baadaye, kwa mmoja mmoja.

Saa nane Stambuli alimwita Faki pembeni akamwomba sahani ya pilau, hata robo sahani. Faki akamwambia, "Kaka, wewe ndiwe mkubwa wetu. Ukianza kula kabla ya watu wa Takaungu, watasemaje?" Waliokuwa karibu walisikia wakacheka, kwa kuwa walimjua. Akarudi akakaa. Baada ya muda kanzu yake ikalowa mgongoni, kofia ikalowa, akasimama akaondoka bila kuaga. Walidhani anakwenda kutawadha.

Alikwenda kwa Manilal. Manilal amenieleza hili mara mbili, na mara zote mbili alishindwa kulimaliza. Stambuli alishika kaunta kwa mikono miwili akasema, "Kijiko kimoja cha sukari. Nakufa." Manilal alimwona anatetemeka, akadhani ni uchu, kwa kuwa mwezi uliopita alikuwa amekufa mara mbili kwa ajili ya biskuti. Alizunguka kaunta, akamshika mabega taratibu, akamtoa nje, akafunga nusu mlango. Gunia la sukari lilikuwa wazi pale pale, kwenye miguu yao.

Kutoka hapo akaenda kwa Awadh. Hakuweza tena kusema vizuri. Alisema, "Tamu, tamu." Awadh akampa yake, ile ya kopo, baridi, akamfungulia mwenyewe. Akainywa yote kwa mkupuo. Akaomba nyingine, akapewa, akainywa. Kisha akasema hii siyo, akasukuma meza, akamnyakua kijana mmoja chupa ya soda ya machungwa mkononi.

"Ilikuwa imefika mdomoni, Mama," Awadh aliniambia. "Imegusa meno. Nikamnyang'anya. Alikuwa na nguvu sana lakini nikamshinda."

Akatoka ameshika kopo tupu, anapepesuka, anatukana watu ambao hajawahi kuwatukana. Na kopo lile watu waliona ni la hotelini, na hotelini makopo mengi ni ya pombe. Ndipo neno lilipoanza kupita mikekani kwamba Stambuli amelewa. Siku ya harusi ya mwanawe.

Fatu ndiye aliyeniletea habari. Alikuwa ametoka kuongeza kuni, akarudi uani amefunga mdomo kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa kwenye jiko, nakoroga shira ya kaimati. Ratili kumi za sukari zilikuwa zinatokota mbele yangu.

"Dada Mishi, mumeo yuko nje huko, aomba sukari. Atokwa na jasho. Asema maneno mabaya."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema mwaka mzima mtu hajalamba, leo pilau imemtia wazimu. Niliona uso wangu unawaka. Niliona aibu, kweli ya Mungu niliona aibu tu, sikuona kitu kingine. Mwiko wa shira ulikuwa mkononi mwangu.

"Mmeapa," nilimwambia Fatu. "Wote mmeapa. Msimpe hata punje."

Akaenda akawaambia.

Robo saa baadaye alikuja mwenyewe. Mwanamume haingii uani siku ya wanawake, wala hasimami mlangoni, na Stambuli wa siku zote asingethubutu. Alisimama pale kichwa wazi, macho yananitazama kama hayanioni, kanzu imemgandama mwilini. Wanawake wakajifunika haraka haraka. Akanyosha mkono kuelekea sufuria.

"Mama," akasema. "Nipe."

Siyo Mama Tumu. Mama. Alikuwa akimwita mamake, aliyekufa kabla sijaolewa.

Hapo moyo wangu ulishtuka, na ningesema kwamba nilielewa, lakini sikuelewa. Nilifikiri sukari imempanda kichwani. Nilifikiri amekula kitu huko alikokwenda, kiapo kimevunjwa, sumu imeingia, na mguu wake umekwisha. Nikamshika kiunoni nikamtoa, nikamburura mpaka nyumbani. Alikuwa mzito, na ngozi yake ilikuwa baridi kama samaki wa jana. Nikamlaza kitandani, nikampepea, nikafungua kopo lililobaki kabatini. Kwa kijiko, polepole, bismillahi kila kijiko, nilimnywesha mume wangu ile soda, na kila alipomeza nilisema alhamdulillahi. Alimeza vijiko saba. Cha nane kilimtoka pembeni mwa mdomo. Kisha meno yakakaza, mwili ukaanza kuruka.

Nilipiga kelele. Manilal akaja na pikapu yake, wakampakia nyuma kwenye magunia, nami nimekishika kichwa chake mapajani. Kwenye barabara kubwa tulipishana na basi la watu wa Takaungu. Walikuwa wamefika. Walikuwa wanapiga matwari na kuimba, na mmoja wao alitupungia mkono.

Hospitali tulipokelewa na daktari kijana wa bara, anaitwa Joram, mpole, anayesema Kiswahili cha kwao. Aliniuliza maswali huku mikono yake inafanya kazi.

"Mama, huyu ni mgonjwa wa sukari?"

"Ndiyo."

"Leo alidungwa sindano?"

"Nilimdunga mwenyewe. Saa moja."

"Alikula nini?"

"Hajala kitu," nilisema, na nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe. "Tangu jana usiku. Sikumwachia."

Aliinua macho. "Alipoanza kutoka jasho mlimpa kitu chochote kitamu?"

"Soda. Makopo mawili huko nje, na mimi nikampa nyingine kwa kijiko."

Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, amepata nafuu. "Soda ni sawa. Hapo mlifanya vizuri."

"Ni ile yake," nikamweleza, nikitaka asije akadhani nimekosea. "Ile isiyo na sukari."

Alimgeukia nesi akaomba bomba kubwa la sindano, akatafuta mshipa, akaanza kusukuma. Nikauliza ni dawa gani. Akanijibu bila kugeuka kwamba ni sukari. Niliurukia mkono wake. Nesi alinishika kwa nyuma, akanitoa nje, nami nilikuwa nalia kwamba wanamuua, wanamtia sukari, mguu wake, mguu wake. Ilibidi nesi yule anikalishe kwenye benchi, anishike uso kwa mikono yake miwili na kunieleza kama anavyoelezwa mtoto. Sindano hushusha sukari. Chakula huipandisha. Sindano bila chakula, sukari hushuka mpaka ubongo unakosa cha kula. Kijiko kimoja kingetosha. Peremende moja ingemfikisha kwenye pilau. "Sisi tuliwaambia," alisema. "Kila mgonjwa tunamwambia awe na peremende." Alikuwa mwanamke mnene.

Alikaa siku tatu. Pumzi ilikuwako, macho hayakufunguka. Daktari Joram alisema sukari imerudi kwenye damu lakini ilikawia, kichwa kilikaa na njaa saa nyingi. Nilimkagua nyayo siku zote tatu, kwa mazoea. Zilikuwa safi, hazina hata mchubuko, vidole tisa vyote vizima. Jumanne alfajiri akatulia. Tulimzika mzima, kama nilivyoomba.

Matangani walikuja wote. Desturi yetu ni kwamba kila mtu huja na kitu, na wengi huja na sukari, kwa kuwa chai ya matanga haikatiki. Manilal alileta gunia. Alilibeba mwenyewe kutoka kwenye pikapu mpaka mlangoni, mzee yule, akaliweka chini, akasimama kando yake hajui afanye nini na mikono. Aliniomba radhi. Nilimwambia hana kosa, alifanya alivyoapa. Awadh alikuja amevimba macho, akaniomba radhi, nikamwambia vivyo hivyo. Faki alikuja. Wenye vibanda walikuja, na muuza kashata wa pale bombani, na yule kijana aliyenyang'anywa chupa. Kila mmoja alikaa mbele yangu akanieleza siku aliyoombwa na jinsi alivyokataa, na kila mmoja alinitazama anasubiri nimfungue. Niliwafungua wote.

Na moyoni, ninasema kweli maana sina cha kuficha tena, nilikuwa namtafuta mmoja. Mwaka mzima nilikuwa na hakika kwamba katika mtaa huu yumo mwongo, yumo mwenye huruma kuliko dini, yumo atakayemtilia kashata mfukoni nikigeuza kisogo. Nilikuwa nimemwandalia matusi. Sasa nilikaa kwenye mkeka natazama uso baada ya uso, natamani nimwone, nimbusu miguu. Hakuwako. Mtaa mzima ulikuwa mwaminifu.

Wa mwisho alikuwa Fatu. Alisubiri watu wapungue, akasogea mpaka magoti yetu yakagusana.

"Dada Mishi," alisema, "siku ile alikuja kwangu kwanza, kabla hajaja kwako mlangoni. N'likuwa na kaimati mkononi, yatona shira. Akafungua mdomo tu, hakusema kitu. N'liunyosha mkono. Wallahi n'liunyosha, ukafika hapa." Akanionyesha, upana wa shubiri moja kutoka usoni pake. "Kisha nikakumbuka msahafu. Nikaurudisha."

Akanishika mikono. Alikuwa anangoja kama walivyongoja wengine.

"Ahsante, Fatu," nilimwambia. "Ulifanya nilivyokuagiza."